Kivuli cha Namba Kumi

Vijana wangu wa hanga, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, saa ni nzuri, ila sijui nani kati yenu aliyewaza kwamba mtu anayeacha kazi ndiye anayehitaji saa. Mke wangu ameitundika sebuleni juu ya televisheni, na kila nikiitazama naona kama kuna mahali nimechelewa. Siku hiyohiyo, keki haijakatwa, mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu lile swali ambalo nimelikwepa tangu mlipoajiriwa: kwa nini pale ubaoni kuna kivuli kimoja kitupu, na kwa nini kila anayekuja na brashi kutaka kukifuta namfukuza.

Najua haya yatasomwa na wake zenu na mama zenu pia, basi nieleze. Katika hanga tunakotengenezea ndege ndogo, spana hazikai kwenye sanduku. Zinatundikwa ubaoni, na nyuma ya kila moja umechorwa umbo lake kwa rangi nyeusi. Hilo umbo ndilo tunaloita kivuli. Ukimaliza kazi unarudisha kila kitu, unautazama ubao, na kivuli kikionekana wazi ujue kuna chuma kimebaki ndani ya ndege. Ndege hairuki mpaka kipatikane. Mimi mazoea hayo nimehama nayo hadi jikoni. Mama Wakesho akishaosha vyombo nahesabu vijiko, naye ananiambia, "Baba Wakesho, hiki kijiko kitaangusha nini, sufuria?"

Mambo ya vyeo na mishahara sitayasema. Waliopanda wanajua walivyopanda. Nitasema ya kazi.

Mimi Mwadime ni Mtaita, ila nimekulia Changamwe, maana baba alikuwa mtu wa reli. Shule zikifungwa tulipelekwa kwa nyanya, karibu na Voi, na ikisadifu ni msimu wa mashindano ya magari tulishinda kando ya barabara ya Mombasa. Kwanza unasikia mlio. Halafu unaona vumbi. Halafu gari limeshapita, na mnabaki mkibishana lilikuwa rangi gani. Wenzangu walitaka kuwa madereva. Mimi, sijui kwa nini, nilikuwa na wasiwasi na yale magari. Nilijiuliza likizimika huko mbele Taru, kwenye nyika isiyo na mtu wala maji, nani atalitengeneza?

Nikampata wa kunijibu. Nilipomaliza shule niliingia gereji moja ya Changamwe iliyokuwa ikitayarisha magari ya mashindano, na fundi mkuu pale alikuwa Fundi Bakari, Mdigo wa Shika Adabu, aliyevuka feri kila siku na kofia yake nyeupe isiyopata doa la oili. Mimi nguo zangu zilichafuka kabla sijafika gereji. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Fumba macho." Nikafumba. Akanitia nati kiganjani. "Namba ngapi?" Nikakisia kumi na mbili. Ilikuwa kumi. Nilishinda nimefumba macho hivyo mpaka jua la alasiri, watu wakipita wakidhani naombewa. Alinieleza baadaye kwamba kwenye matope na mvua macho hayasaidii kitu, kinachoona ni vidole.

Katika ujana wake Fundi Bakari alikuwa amepanda magari ya kufuata mashindano, enzi ambazo barabara ya kwenda bara ilikuwa udongo mtupu na mvua ikinyesha ilikuwa uji. Alisimulia magari yaliyovutwa kwa kamba na wanavijiji waliokuwa wakiimba na kucheka. Alisimulia ndege za mwanzo alizoziona utotoni, zikitua kwenye majani, na rubani akilazimika kupita chini mara moja kuwatimua mbuzi ndipo azunguke atue. "Mbuzi walizoea," alisema. "Mwisho rubani ndiye aliyekuwa akiogopa."

Na alikuwa na desturi yake moja, ambayo ndiyo kiini cha habari hii. Madereva wa mashindano walichukia uzito. Ukiwapa mfuko wa vifaa, wakifika Mazeras wameshautupa kichakani ili gari liwe jepesi. Sasa, kwenye magari tuliyotengeneza sisi, nati nyingi zinazolegea njiani zilikuwa za namba kumi. Kabureta namba kumi, waya wa betri namba kumi, bomba la mafuta namba kumi. Basi Fundi Bakari, akishamaliza gari na kabla ya kufunga boneti, alichukua spana moja ya namba kumi akaifunga ndani ya injini kwa waya, mizunguko mitatu, mahali ambapo dereva hataiona mpaka siku atakapofungua boneti akiwa peke yake huko nyikani, karibu na kulia. Hakumwambia mtu. Madereva walirudi Changamwe na kumkumbatia na matope yao, wakimwambia, "Fundi, nimeikuta!" Naye aliifuta kofia yake tu. Kila gari lililotoka mkononi mwake lilitoka na namba kumi yake. Kwake gari halikuwa tayari kama spana haijabaki ndani.

Mashindano yakaacha kuja pwani. Gereji ikadhoofu, kisha ikafungwa. Mimi nilikuwa bado kijana, nikaenda kusomea ndege, nikapata leseni, nikaajiriwa hapo hanga mnapofanya kazi nyinyi leo. Mkuu wetu alikuwa Mhandisi Syombua, mama wa Kikamba aliyekuja Mombasa kwa muda mfupi na asiondoke tena. Siku yangu ya kwanza aliniuliza tairi la mbele lina hewa kiasi gani. Nikasema, "Nadhani inatosha." Akanishika mkono akanitoa nje ya hanga, akanisimamisha juani. "Simama hapa mpaka hiyo *nadhani* ikuishe," akasema, "halafu urudi." Mnacheka, lakini kitu kile kiliniingia. Tangu siku hiyo sijalala usingizi kamili, na ndege zangu zote zimerudi.

Fundi Bakari alikuwa nyumbani Shika Adabu akitengeneza baiskeli za watu. Iliniuma. Mkono ule kutengeneza baiskeli! Nikamwomba Mhandisi Syombua amchukue awe msaidizi, nikamwambia hakuna anayejua injini kama yeye. Akanitazama sana. "Utamsimamia wewe?" Nikasema nitamsimamia. Hivyo ndivyo mtoto alivyogeuka kuwa msimamizi wa mwalimu wake. Nilikuwa naona haya hata kumtuma. Yeye hakuona haya. Aliniita mwanangu mbele ya marubani, na alijifunza ndege kama mtu aliyerudishiwa ujana wake. Ubao wa spana aliupenda mno. "Hii akili kubwa," alisema.

Sasa niwaambie ya asubuhi ile.

Ndege yetu moja ya injini moja ilikuwa inakwenda Lamu. Rubani alikuwa Kapteni Nasoro, mtu mpole. Abiria walikuwa wachache, na mmoja alikuwa mama wa Kilamu aliyemleta mtoto wake mchanga kutibiwa na sasa anarudi naye kwao. Nilimshikia mtoto yule wakati mamake anapanda. Alinikamata kidole akagoma kuniachia, tukacheka. Fundi Bakari alikuwa ameshakaza kabureta na kufunga kifuniko cha injini. Utaratibu wetu wakati huo ulikuwa kwamba aliyeshika kazi ndiye anayekagua ubao, kisha anampungia rubani mkono. Fundi Bakari alitazama ubao, akampungia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa hanga, nimelala chini ya ndege nyingine. Nilisikia ikiondoka, mlio safi kabisa.

Nilipokuja kutundika koleo langu, nikaona kivuli. Namba kumi haipo.

Nilitazama chini ya meza, nikatazama kwenye mfuko wangu, nikatazama vivuli vyote kama labda imetundikwa pasipo pake. Fundi Bakari alikuwa nje anakunywa maji ya mtungi.

"Fundi, namba kumi iko wapi?"

"Ipo mahali pake."

"Ubaoni haipo."

"Ubaoni?" akasema, na bado alikuwa akitabasamu. "Nimeifunga vizuri, mwanangu. Mizunguko mi..."

Hakumaliza. Nilimwona akifahamu. Kopo la maji likamwanguka.

"Lahaula," akasema taratibu. "Mwadime. Mkono. Mkono umekwenda wenyewe."

Mnaelewa? Hakusahau spana. Angesahau, kile kivuli kingemshtua kama kilivyonishtua mimi. Alifanya kazi nzuri, kabureta ikamkalia vyema, na furaha ile ikamrudisha Changamwe ya zamani. Akaifunga spana ndani kwa mapenzi, kama alivyowafungia wale wa Taru. Na alipoutazama ubao hakuona upungufu wowote, kwa sababu maisha yake yote namba kumi haikuwa ya kurudi.

Nikageuka kwenda kwa Mhandisi Syombua. Fundi akanishika mkono.

"Ngoja. Nisikilize. Haitoki ile. Nimeifunga mimi, kwa waya mpya. Jioni wakirudi nitaitoa, hakuna atakayejua. Wallahi haitoki, mwanangu."

"Fundi, pale ulipoifunga ni karibu na vyuma vinavyovuta mafuta?"

"Kando yake."

"Ikilegea ikaingia pale?"

"Hailegei."

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panaponikosesha raha mpaka leo. Nilimwamini. Nilijua mikono yake kuliko nilivyojua mikono yangu. Magari yake yalikuwa yamerukaruka mashimo ya nchi hii nzima na hakuna spana yake iliyowahi kudondoka. Nilijua pia nikisema, ndiyo mwisho wake, na kwamba mimi niliyemleta ndiye nitakayemtoa. Lakini kile kidole changu kilikuwa bado kinasikia mshiko wa yule mtoto. Na ile *nadhani* ya juani ilikuwa imenikaa kooni. Niliuondoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu kwa adabu, nikaenda ofisini.

Mhandisi Syombua hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua redio akauambia mnara wa kuongozea ndege umrudishe Kapteni Nasoro, na umwambie asipunguze moto wa injini ghafla. Walikuwa wameshapita Mtwapa. Kisha akaniuliza, "Ni nani?" Nikamtaja. Akasema, "Haya," tu.

Tukatoka wote nje. Hofu niliyoijua siku ile sijaijua tena, hata siku mke wangu alipojifungua kwa kisu. Ndege inaporuka, spana ikizuia vile vyuma, hutajua. Injini inanguruma, kila kitu sawa. Utajua wakati wa kutua, rubani anapotaka kuipunguza na inakataa, au inapopungua na ikakataa kurudi. Kwa hiyo tulikuwa hatutazami, tulikuwa tunasikiliza. Gari la zimamoto lilikuwa limeshasogea kando ya njia ya kurukia. Fundi Bakari alisimama mbele yetu peke yake, amevua ile kofia yake ameishika kwa mikono miwili, midomo inachezacheza kwa dua. Ndugu zangu, nilitamani nikasimame naye. Sikuweza.

Ikatokea upande wa Kisauni, ndogo, inakuja. Mlio uleule. Ikakaribia, mlio uleule. Nikasema moyoni, haipungui. Ee Mungu, haipungui. Mhandisi Syombua alinifinya bega mpaka nikaumia.

Halafu mlio ukashuka. Polepole, kama mtu anayeteremsha sauti ya redio. Magurudumu yakagusa chini.

Abiria walishuka na hasira. Mmoja alipoambiwa ni spana alisema, "Spana tu? Mmenirudisha kwa spana?" Yule mama alikaa kivulini akamnyonyesha mwanawe. Mhandisi Syombua alifungua kifuniko mwenyewe. Spana ilikuwepo. Mizunguko mitatu ya waya. Akaivuta. Haikutoka. Akapanda juu ya kigoda, akaivuta kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na haikusogea hata kidogo. Ikabidi aniombe koleo aukate waya.

Fundi Bakari alinitazama. Hakusema "si nilikwambia". Afadhali angesema.

Mhandisi akampa ile spana mkononi. "Mzee, mkono wako sijawahi kuuona mfano wake," akamwambia. "Lakini siwezi kulala ukiwa hapa. Nenda nayo." Fundi Bakari akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Akapita mbele yangu kwenda zake feri. Nikasema, "Fundi." Akasema, "Kwaheri, Bwana Mwadime."

Bwana Mwadime! Tangu nilipofumba macho kwenye ile gereji alikuwa hajaniita hivyo.

Kuanzia siku ile tukabadilisha utaratibu. Anayefanya kazi hakagui ubao wake, unakaguliwa na mwenzake. Mnaona ni usumbufu, nawasikia mkinung'unika. Basi umetoka huko. Spana mpya ya namba kumi tulinunua tukaichorea kivuli kipya upande wa chini. Kile cha zamani niliomba kiachwe, na Mhandisi Syombua, mpaka alipostaafu yeye, hakukigusa.

Kila Idi nilikwenda Shika Adabu kumwamkia. Alinipokea vizuri, nilikaribishwa pilau na kaimati, niliulizwa habari za Wakesho. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, Bwana Mwadime." Miaka yote hiyo. Habari ya spana hakuitaja, wala sikuitaja. Mke wangu alisema, "Si umwombe radhi tu?" Nikamwambia nitamwomba radhi ya nini, ingekuwa leo ningefanya vilevile. "Basi mwambie hivyo," akasema. Wanawake wanadhani maneno ni rahisi.

Baada ya nyinyi kuniaga, tuliamua kurudi Taita, kwenye shamba la nyanya yangu. Nikapakia gari langu hili kuukuu mnalolicheka. Asubuhi ya safari tulipita kwanza Shika Adabu kumuaga, kwa barabara mpya ya Dongo Kundu, bila feri. Fundi Bakari ni mkongwe sasa, anatembea na fimbo na mikono inamtetemeka hata kikombe anashikiwa na bintiye. Nikamwambia tumekuja kwa barabara mpya. "Nimeambiwa ni nzuri," akasema. "Barabara nzuri haina kazi kwa fundi."

Tukaingia ndani kunywa chai. Yeye akasema anataka kukaa nje apate hewa. Nilimsikia akimwita bintiye amfungulie boneti, nikasema moyoni, mwache mzee asikie harufu ya oili. Chai ikawa ndefu, mama zenu wanajua kinamama wakianza. Tulipotoka alikuwa ameshakaa kitini pake, vidole vyeusi.

"Injini yako inapumua vizuri," akasema. Nikamwinamia, nikamshika mkono. Nilitaka kusema. Yale maneno yote yalikuja yakajazana mdomoni, na sikusema hata moja.

"Nenda salama," akasema. "Bwana Mwadime."

Tukapita Mariakani. Tulipofika Taru, mnajua nilivyo, nikaanza kusikia mlio. Hapakuwa na mlio. Lakini nikasimamisha gari kando, malori yakipita yakitutikisa, nikafungua boneti.

Ilikuwa chini ya kabureta. Namba kumi, na kwenye mpini wake bado kuna ule mstari wa rangi nyekundu tunaozitia spana za hanga letu. Mizunguko mitatu ya waya. Wa kwanza na wa pili imelala sawasawa. Wa tatu umepinda, umerudiwa, mtu amehangaika nao.

Mimi ni mtu wa ndege. Sijawahi kuacha chuma kisicho mahali pake ndani ya injini, na koleo la kukatia waya lilikuwa mfukoni. Niliishika ile spana nikaivuta. Haikutoka. Nikaivuta tena kwa nguvu zangu zote, vile alivyovuta Mhandisi Syombua, huku machozi yananidondoka juu ya betri. Haikusogea.

"Kuna nini tena?" Mama Wakesho aliita kutoka ndani.

"Hakuna kitu," nikasema, nikaliacha koleo mfukoni, nikafunga boneti.

Basi msiitafute, na kivuli chake msikifute. Iko huku Taita, ndani ya gari langu.